Bunduki mikononi mwa raia: tarakimu zake hupatikanaje?

*Msomaji anauliza: "Nasoma kwamba Marekani ina bunduki 120 kwa kila watu 100, na Yemen karibu 53. Nani alizihesabu, ilhali nyingine zimefichwa? Nauliza kwa sababu nimepewa kazi ya kukadiria silaha za moto zilizo kwa raia katika nchi ambayo daftari lake la usajili ni la kuungaunga. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?"*

Hakuna aliyezihesabu. Tarakimu hizo ni za Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva. Mwaka 2018 ilitoa makadirio yanayoishia mwisho wa 2017: silaha za moto milioni 857 mikononi mwa raia duniani kote, kando ya milioni 133 za majeshi na karibu milioni 23 za polisi. Katika hizo milioni 857, zenye kumbukumbu rasmi ya usajili zilikuwa takriban milioni 100. Kwa maneno mengine, katika kila silaha nane au tisa, moja ndiyo iliyoandikwa mahali, na zilizobaki zilifikiwa kwa njia nyingine: dodoso za kaya, takwimu za viwanda na forodha, maoni ya wataalamu, au kuitazama nchi inayofanana na hiyo.

Kwa hiyo kila kadirio lina sehemu mbili. Ipo iliyohesabiwa, nayo huwa ndogo, na kipo kizidishi kinachoikuza hadi kufikia jumla. Ugomvi wote uko kwenye kizidishi. Ujerumani ilianzisha rejista yake ya kitaifa ya kielektroniki mwaka 2013, ikaonyesha silaha halali zipatazo milioni 5.5. Makadirio ya 2017 yanaipa nchi hiyohiyo milioni 15.8. Kinachotenganisha tarakimu hizo mbili ni hukumu ya mtu kuhusu silaha ambazo hazikusajiliwa, na msomaji ana haki ya kuiona hukumu hiyo.

Kwanza, unahesabu nini?

Andika fasili kabla ya kugusa tarakimu yoyote. Je, magobole yanayojazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu yamo? Bunduki za upepo? Bastola za kupigia king'ora zinazoweza kutobolewa mtutu zikapiga risasi za kweli? Silaha zilizotengenezwa na wahunzi? Zilizozimwa kisheria? Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya 2001 inaziweka kando silaha za kale, lakini hairuhusu nchi kuiita ya kale silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya 1899. Huo ni mstari mzuri wa kuanzia. Magobole yahesabu kwenye safu yake, maana katika nchi nyingi za wawindaji huweza kuzidi bunduki nyingine zote kwa wingi, na ukiyachanganya na bastola tarakimu yako haitamfaa mtu wa hospitali wala wa polisi.

Halafu "raia" ni nani? Kampuni za ulinzi, walinzi wa mbuga, mgambo, polisi wanaokwenda na silaha nyumbani. Uswisi huwaruhusu askari wake wa akiba kukaa na bunduki ya jeshi nyumbani. Ukiuliza kaya watasema ndiyo, na ukijumlisha ghala la jeshi utaihesabu bunduki hiyohiyo mara ya pili. Weka swali la ziada kwenye dodoso: silaha hii ni ya kwako au ya kazini?

Daftari la usajili: lisafishe kabla ya kulitumia

Kosa la kwanza ni kuchanganya leseni na silaha. Nchi nyingine husajili mtu badala ya bunduki. New Zealand ilifanya hivyo kwa bunduki nyingi kwa miongo kadhaa, na rejista kamili ilianza 2023 tu. Ndiyo maana mwaka 2019, serikali ilipotangaza kuzinunua silaha zilizopigwa marufuku, makadirio ya idadi yake yalitofautiana mara kadhaa kati ya la chini na la juu. Zilikusanywa zaidi ya 50,000, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama hiyo ilikuwa sehemu kubwa au ndogo ya zilizokuwepo.

Kosa la pili ni marudio. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha silaha haiko peke yake duniani: viwanda viwili huweza kutoa namba ileile, na kiwanda kimoja huweza kuirudia kwenye modeli nyingine. Ukitafuta marudio kwa namba peke yake utafuta bunduki halali; ukitafuta kwa jina la mmiliki utaacha bunduki moja iliyoandikwa mara tatu kwa kupita mikono mitatu. Linganisha vitu vinne kwa pamoja: mtengenezaji, modeli, kipenyo cha mtutu na namba. Kabla ya kulinganisha, geuza kila herufi O kuwa sifuri na kila I kuwa moja, kwa sababu makarani huzichanganya. Namba fupi inayojirudia mamia ya mara kwenye daftari huwa si namba ya silaha hata kidogo: karani alinakili namba ya modeli, ya hataza au alama ya ukaguzi wa mtutu iliyokuwa karibu.

Kosa la tatu ni wafu. Chukua rekodi 400 kwa bahati nasibu, uzifuatilie moja moja: mmiliki yu hai, silaha ipo, anwani ni yake? Tuseme 300 zimethibitika, 60 mmiliki amefariki na silaha haijulikani ilipo, 40 ni marudio au ziliuzwa nje. Basi daftari la 80,000 lina silaha halali 60,000 zilizo hai, na 12,000 ambazo hazijatoweka ila zimehama kutoka kundi la halali kwenda kundi la zisizojulikana. Hizo 12,000 usizifute. Bunduki ya marehemu haifi naye.

Dodoso la kaya: hapa ndipo kazi ilipo

Kama una pesa ya njia moja tu, ni hii. Swali liende kwa kaya, yaani "kuna yeyote katika nyumba hii mwenye bunduki au bastola?", kisha kwa mtu binafsi. Majibu ya wanandoa hupishana. Uchambuzi wa madodoso ya Marekani ulionyesha miaka ya 1990 kwamba waume walitaja bunduki nyumbani mara nyingi zaidi kuliko wake, ingawa wanaishi chini ya paa moja. Kama wahojiwa wako wengi ni wake wanaokutwa nyumbani mchana, umeanza na upungufu.

Usilianze dodoso kwa swali la silaha. Litangulizwe na maswali ya usalama wa mtaa, wizi, mifugo na uwindaji, kisha liingie kwa sentensi inayoondoa aibu: "Baadhi ya familia zina silaha kwa ajili ya uwindaji, kulinda mifugo au ulinzi wa nyumba." Mhojaji asiandamane na kiongozi wa eneo wala mtu mwenye sare. "Sijibu" iandikwe kama "sijibu", isigeuzwe kuwa "hapana". Wahojaji waliochoka hufanya hivyo, na utawajua kwa sababu karatasi zao hazina hata mmoja aliyekataa.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe kwa nchi ya kubuni yenye watu milioni 30 na kaya milioni 6. Umehoji kaya 2,000, na 160 zimesema zina silaha: asilimia 8. Ukingo wa makosa wa kawaida, kwa uhakika wa asilimia 95, ni pointi 1.2 juu na chini. Lakini hukuwachagua watu mmoja mmoja nchi nzima. Ulichagua vijiji na mitaa, kisha kaya ndani yake, na wanaoishi pamoja hufanana. Kwa mpangilio huo tofauti ya sampuli huweza kuongezeka maradufu, na ukingo hukua kwa kipeuo cha pili cha mbili, yaani mara 1.4 hivi, hadi pointi 1.7. Basi kaya zenye silaha ni kati ya asilimia 6.3 na 9.7, yaani kati ya 378,000 na 582,000, katikati 480,000.

Kaya hizo 160 zimetaja silaha 256, wastani 1.6. Zidisha: 768,000. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea mara mbili.

Kwanza, wastani huo umeshikwa na watu wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka 2015 uligundua kwamba asilimia 3 ya watu wazima walikuwa na nusu ya bunduki zote za raia, kila mmoja wastani wa 17. Katika sampuli yako ya kaya 160, fikiria nyumba moja iliyosema mbili ingekuwa ya mkusanyaji mwenye 60. Jumla ingepanda hadi 314, wastani ungekuwa 1.96, na kadirio la taifa lingeruka kutoka 768,000 hadi 942,000. Nyumba moja imeongeza bunduki 174,000! Kwa hiyo uliza idadi kamili; jibu la "tano au zaidi" linakuficha kitu hasa unachokitafuta. Toa kadirio ukiwa na hao wakubwa na ukiwa umewakata kwenye kikomo fulani, kisha chapisha yote mawili.

Pili, watu hukana. Ukidhani kaya moja katika kila nne zenye silaha ilisema "hapana", asilimia 8 inakuwa 10.7, na silaha zinapanda hadi takriban milioni 1.02. Ukichukua mwisho wa chini wa kila kitu, yaani kaya 378,000, wastani 1.4 na bila kukana, unapata karibu 530,000. Mwisho wa juu, kaya 582,000, wastani 1.8 na robo waliokana, unapata karibu milioni 1.4. Jibu la kweli ni hili: kati ya laki tano na milioni moja na laki nne, sawa na silaha 1.8 hadi 4.7 kwa watu 100. Ni pana, na inaudhi. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Kuna mtego wa upande wa pili ambao wengi hawauoni. Mahali ambapo silaha ni chache mno, kosa linageuka. Kama kaya zenye silaha ni asilimia 1 tu, na katika kaya 100 zisizo nazo moja ikasema ndiyo kwa mzaha, kwa kutoelewa au kwa karani kubonyeza kitufe kisicho chake, dodoso litatoa karibu asilimia 2. Umeongeza maradufu bila mtu kuficha chochote. Kwa nchi kama Japani, ambayo makadirio ya 2017 yanaipa silaha 0.3 kwa watu 100, dodoso la kaya halifai. Daftari linatosha kuwa msingi.

Utashauriwa utumie mbinu ya orodha ili watu wasijifichue. Nusu ya wahojiwa hupewa mambo manne ya kawaida, nusu nyingine manne hayohayo na la tano, "tuna silaha ya moto", na kila mmoja hutaja tu ni mangapi yanamhusu. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo kiwango cha umiliki. Mbinu ni nzuri, ila ina bei. Kwa watu 1,000 kila kundi na mtawanyiko wa kawaida wa 0.9, tofauti ya 0.12 ina maana ya asilimia 12, kuongeza au kupunguza karibu 8. Itumie kupima kiasi cha kukana kwenye sampuli kubwa. Usiitegemee kwa kadirio lenyewe.

Swali lingine la kuulizia pembeni ni "katika nyumba kumi za jirani, ngapi zina bunduki?" Majibu yake karibu kila mara huwa juu, kwa sababu watu hukumbuka risasi walizosikia. Lichukue kama paa.

Viwanda na forodha

Njia ya tatu ni kujumlisha silaha zilizoingia na kuondoa zilizokwisha. Marekani inaweza kufanya hivyo kwa sababu viwanda vyake huripoti uzalishaji kila mwaka. Nchi isiyo na viwanda itategemea forodha. Bastola na rivolva ziko chini ya kifungu 9302 cha mfumo wa kimataifa wa bidhaa. Bunduki za michezo na uwindaji ziko 9303, ambapo 9303.10 ni za kujaza kwa mdomo, 9303.20 za marisau na 9303.30 nyingine za michezo, uwindaji na shabaha. Tahadhari na 9303.90: humo hukaa bastola za kurushia fataki za ishara, vifaa vya kuzimisha ng'ombe machinjioni na vya kurushia kamba melini. Ukiijumlisha yote utawapa raia silaha ambazo ni zana za wachinjaji.

Mara nyingi forodha huandika thamani na kilo, bila idadi. Gawanya kwa uzito: bunduki ya marisau huwa kama kilo 3.3, hivyo tani 66 za 9303.20 ni takriban bunduki 20,000. Kisha tazama ripoti za nchi zilizouza. Zikisema zimekuletea mara mbili ya ulichoandika kupokea, usichukue wastani. Tafuta kama shehena ilipitia tu kwenda kwingine, au kama polisi waliagiza kwa kifungu cha raia.

Kinachoamua jumla ni kasi ya kuisha. Tuseme zimeingia 100,000 kila mwaka kwa miaka 50, yaani milioni 5. Ukidhani asilimia 1 hupotea kila mwaka kwa kutu, kuteketezwa au kutoroshwa, zimebaki takriban milioni 3.95. Kwa asilimia 2 ni milioni 3.2. Hakuna anayeijua kasi hiyo vizuri, na bunduki iliyotiwa mafuta huishi kuliko mwenyewe.

Ndiyo maana njia mbili nzuri hazikutani. Utafiti wa 2015 nilioutaja, uliouliza watu, uliikadiria Marekani kuwa na bunduki kama milioni 265. Makadirio ya 2017 yaliiweka kwenye milioni 393. Pengo la milioni 128 ni kubwa kuliko bunduki zote ambazo makadirio hayohayo yanaipa India, milioni 71. Dodoso hupungukiwa na wanaokana na wakusanyaji wasiofikiwa. Hesabu ya viwanda huzidi pale zilizoharibika na zilizovushwa mpaka zinapobaki kwenye vitabu. Ukweli huenda uko katikati, ila usitoe wastani ukauita ukweli.

Njia hii pia haioni mshtuko. Mwaka 1997 ghala za jeshi la Albania zilivunjwa na zaidi ya silaha 500,000 zikaingia mitaani katika kipindi kifupi. Nchi iliyopitia jambo kama hilo ihesabiwe upya kuanzia siku hiyo.

Njia za mkato

Wengine huchukua silaha zilizokamatwa na kuangalia ngapi zimo kwenye daftari. Daftari lina 80,000, zimekamatwa 600, na 90 kati yake zimesajiliwa. 80,000 mara 600 gawanya kwa 90 ni 533,000. Hesabu hiyo inadai kwamba silaha halali na haramu zina nafasi sawa ya kukamatwa, jambo ambalo polisi yeyote atalicheka. Matokeo yake huwa juu. Silaha zinazosalimishwa kwa hiari huvuta kwingine, kwa sababu watu hurudisha zilizooza na za marehemu, wakabaki na nzima.

Sehemu ya vifo vya kujiua vilivyotumia bunduki ni kipimo kizuri cha kulinganisha mikoa ya nchi moja, na watafiti wa Marekani hukitumia sana. Hakikupi idadi. Bei ya risasi sokoni nayo inakuambia kama zinapungua wiki hii, basi.

Kuiga nchi jirani ni njia ya mwisho. Inaruhusiwa, ilimradi useme. Hatari yake ni tarakimu inayopata miguu. Kwa miaka mingi Yemen ilisemwa ina bunduki milioni 50 hadi 60, wakati watu wake hawakufika milioni 20. Utafiti wa uwanjani uliochapishwa 2003 uliikadiria kuwa na milioni 6 hadi 9, na bado ile ya zamani ikaendelea kunukuliwa kwa sababu ni tamu zaidi.

Unapoandika ripoti

Weka jedwali lenye safu za halali, zisizosajiliwa, magobole na za kienyeji, kila moja na kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na pembeni uandike chanzo na kizidishi. Zungusha tarakimu: 768,000 iwe "takriban 770,000", na jumla ya taifa iishie kwenye laki iliyo karibu. Tarakimu kama 1,024,316 inamdanganya msomaji kwamba kuna mtu alisimama akahesabu.

Kisha kuna kishawishi cha kusema "zimeongezeka". Small Arms Survey ilikadiria milioni 650 duniani kwa 2006 na milioni 857 kwa 2017, na yenyewe ilieleza kwamba sehemu ya ongezeko hilo inatokana na data na mbinu kubadilika. Finland ilikuwa na 45.3 kwa watu 100 katika toleo la kwanza na 32.4 katika la pili. Wafini hawakutupa zaidi ya robo ya bunduki zao ziwani. Ukitaka kulinganisha na kadirio la zamani la nchi yako, chukua data ghafi za mwaka ule, zipitishe kwenye fasili na kizidishi ulichotumia sasa, ndipo utoe moja kwenye nyingine. Kama data ghafi hazipo, acha safu ya mabadiliko wazi.